Ushauri wa mbolea usiishie juu ya ardhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotajwa kwa nadra kila mbolea inapojadiliwa, nalo ni kazi ya kuvu wa udongoni katika kuulisha mmea. Wakulima huelezwa kiasi cha mbolea ya kupandia na cha kukuzia, lakini namna mzizi unavyoipokea haielezwi.

Kati ya virutubisho vya mmea, fosforasi ndiyo yenye kisa kirefu. Naitreti, yaani naitrojeni katika umbo ambalo mizizi huinyonya, huyeyuka na kusafiri na maji, pengine ikazama kabla mizizi haijaifikia. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, hasa udongo wenye asidi na wingi wa chuma na alumini, hivyo mzizi ukishamaliza ile iliyo milimita moja au mbili kando yake hubaki na njaa ilhali shamba lina akiba. Mmea wenye njaa hiyo hurefusha vinyweleo vya mizizi yake, lakini msaada mkubwa hutoka kwa kuvu wanaoingia ndani ya mzizi wenyewe na kutandaza nyuzi zao sentimita kadhaa nje ya eneo lililokwisha kukombwa. Nyuzi hizo, kwa wembamba wake, hupenya pasipopitika na mzizi, zikaleta fosforasi na zinki, na mmea hulipa kwa sukari na mafuta. Ushirika wa namna hii, ambao Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa jina la maikoriza mwaka 1885, umo katika mimea mingi ya nchi kavu, yakiwemo mahindi, maharage na mihogo. Kabichi na jamaa zake hawaushiriki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba mbolea ikizidi haina neno. Udongo ukijaa fosforasi, mmea hupunguza kuwakaribisha kuvu, kwa kuwa sukari unayotozwa haiuletei tena faida. Ukitifuliwa mara kwa mara, nyuzi hukatika. Ukiachwa mtupu msimu mzima, kuvu hukosa mzizi wa kuwalisha. Sisemi mbolea iachwe. Kuvu hawaumbi fosforasi, na udongo uliochoka kabisa hauna cha kukusanywa.

Ninachoomba ni kwamba washauri wa kilimo, kabla ya kupendekeza mfuko mwingine, wachimbue mche mmoja kwa jembe pamoja na bonge lake la udongo, waloweke bonge hilo ndooni hadi udongo uachie, kisha waikague mizizi. Kung'oa kwa mkono hakufai, maana mizizi myembamba, ambayo ndiyo makazi ya kuvu, hukatika na kubaki ardhini. Kuvu wenyewe hawataonekana bila rangi ya maabara na hadubini, lakini mizizi michache, mifupi, au iliyopinda na kulala juu ya tabaka gumu itaonekana kwa macho, na tatizo la namna hiyo halitibiwi kwa kuongeza mbolea.

Wako,
Msomaji na mkulima