Bibliografia yenye maelezo si kubandika ikisiri

Mhariri,

Muhula ukikaribia kwisha, zoezi linalowatoa jasho wanafunzi wengi wa vyuo hapa Uganda si insha, ni bibliografia yenye maelezo, yaani orodha ya marejeo ambayo kila chanzo hufuatwa na maelezo yako mafupi juu yake. Wengi huwasilisha orodha ya marejeo ya kawaida, kisha chini ya kila chanzo wanabandika ikisiri, ule muhtasari unaotangulia makala, kama ilivyo. Hapo alama zimekwenda, na huenda kesi ya wizi wa maandishi ikafuata. Ikisiri huandikwa na mwenye kazi ili kuinadi kazi yake. Mhadhiri anataka kujua wewe umeionaje.

Kama hakuna idadi iliyotajwa, aya moja ya maneno 100 hadi 150 yatosha kwa kila chanzo. Sentensi mbili au tatu zieleze mwandishi anadai nini na kwa ushahidi gani. Moja au mbili ziupime ushahidi huo. Ya mwisho iseme chanzo hicho utakitumiaje katika swali lako. Kwa hiyo swali litangulie: asiye nalo huzoa kila makala yenye neno "migomba", kisha hana cha kuyapimia.

Tuseme unaandika juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioripotiwa nchini mwetu mwaka 2001. "Makala haya ni mazuri na yatanisaidia sana" ni maneno matupu. Jaribu hivi: "Takwimu zilikusanywa Mukono pekee, tena kwenye mashamba ya ndizi za pombe, hivyo siwezi kukadiria nazo hasara ya wakulima wa matoke Mbarara. Lakini namna walivyohojiwa wakulima nitaifuata katika sura ya tatu." Anayesoma hivyo anajua kwamba umefika hadi sehemu ya mbinu za utafiti, ambayo wengi huiruka.

Majina nayo huponza. Katika APA na MLA, mitindo miwili ya kuandika marejeo, orodha hupangwa kwa alfabeti, kwa kufuata jina la ukoo, na haipewi namba. Sasa, sisi wengi huanza na jina la ukoo: Okello James. Aliyezoea kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo atampeleka Okello kwenye J, na msahihishaji akimtafuta kwenye O hamwoni. Vitufe vya kunukuu vya mtandaoni havikuokoi hapa, na mara nyingi huacha hata namba za kurasa.

Kuhusu umbo, toleo la 7 la APA linataka mstari wa kwanza wa rejeo uanzie ukingoni na inayofuata iingie ndani nusu inchi. Maelezo yaanze aya mpya, yote yakiwa ndani nusu inchi. MLA huyaingiza inchi nzima. Usisukume maneno kwa kitufe cha nafasi: ukifika duka la fotokopi Wandegeya, kompyuta yao isipokuwa na fonti yako, kila kitu kinahama. Kwenye Word, chagua rejeo ubonyeze Ctrl na T pamoja.

Makala yakidai dola, usilipe kwanza. Muulize mkutubi kama chuo chako kimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na upekue pia African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, ambako makala mengi ni ya bure. Programu za akili mnemba zikikupa marejeo, fungua kila moja kabla ya kuliandika, kwani hubuni vichwa vya makala na hata majarida, kwa sura ya kuaminika kabisa.

Wahadhiri nao watusaidie. "Andika bibliografia yenye maelezo, vyanzo 10" hayatoshi kuwa maelekezo. Karatasi ya zoezi itaje mtindo na toleo lake, idadi ya maneno, na kama mwanafunzi anaruhusiwa kujitaja mwenyewe, kama katika "nitatumia". Hilo la mwisho huzua ubishi kila mwaka, na kila idara ina jibu lake.

Mkutubi,
Kampala