Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa pelotoni

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa, Papa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Kambo yako anakusalimu sana. Miguu bado inamsumbua, lakini bukari, ugali wetu, anamaliza sahani.

Jumapili uliponipigia simu nilifurahi kusikia kwamba umekabidhiwa pelotoni yako mwenyewe, kikosi cha askari wa kuwaongoza. Baba yako angekuwepo, angeita nusu ya mtaa wetu wa Katuba waje kusikia. Lakini kuna neno ulilisema mara mbili, na tangu siku ile halijanitoka kichwani. Ulisema kwako hakuna kosa dogo, anayekosea mara moja unamvunja. Ukanieleza na habari ya yule kaporali aliyekuja mwenyewe asubuhi kukuambia kwamba alisahau kuchaji betri ya redio. Ulimtia kasho, yaani mahabusu ya kambini, ukaandika kwa wakubwa wako avuliwe cheo. Ulikuwa unanieleza kwa fahari, na mimi nikanyamaza, maana sikutaka tugombane kwenye simu siku ya furaha yako. Sasa nasema.

Mimi si askari. Nimekuwa muuguzi tangu ujana wangu hadi kustaafu, na kazi yangu inafanana na yako kwa jambo moja: kosa likifichwa, anayelilipia kwa uhai wake ni mtu mwingine kabisa. Kuna hospitali moja niliyofanyia kazi, jina lake naliacha, ambako mkuu mpya alitangaza kwamba muuguzi atakayekosea dawa au kuruka saa ya kumpima mgonjwa atakatwa mshahara, bila kuulizwa sababu. Haukupita muda daftari la zamu likawa safi ajabu. Asubuhi moja nikalipokea kutoka zamu ya usiku. Safu ya joto la mwili ilikuwa 37, 37, 37 kutoka juu hadi chini, kwa mwandiko mmoja na kwa mkupuo mmoja, wakati vipimo vile vilitakiwa vichukuliwe kwa kupishana saa kadhaa. Nikaenda kwenye kitanda cha karibu na dirisha, nikamgusa mtoto shingoni. Alikuwa anaungua. Yule muuguzi wa usiku hakuwa mvivu wala hakuwa na roho mbaya. Alikuwa peke yake na wodi mbili, na alishajua kwamba nafasi tupu kwenye daftari ingemponza kuliko namba ya uongo. Mkuu wetu alikuwa akiwaonyesha wageni daftari lile kwa majivuno.

Usidhani ni umaskini wetu unaoleta hayo. Marekani wana jeshi linalotumia fedha kuliko majeshi yote duniani, na ugonjwa huu umewapata walewale wanaolinda makombora yao ya nyuklia. Kule Montana kuna kambi ya anga ya Malmstrom, ambako maofisa vijana, wa umri kama wako, hukaa zamu ya saa 24 chini ya ardhi wakisubiri amri ambayo sote tunaomba isije. Kila mwezi walikuwa wakifanya mtihani. Alama ya kufaulu ilikuwa 90 kwa 100. Lakini wakuu wao walianza kutumia alama hizo kuamua nani apande cheo, na hapo 95 ikawa aibu. Lazima 100, kila mwezi. Januari 2014 ikafumuka kwamba maofisa walikuwa wakitumiana majibu kwa simu. Zaidi ya 90 wakasimamishwa, karibu nusu ya wafyatuaji wa kambi nzima, na Machi mwaka huohuo makamanda tisa wakaondolewa kazini. Deborah Lee James, aliyekuwa waziri wa jeshi lao la anga, alizitembelea kambi za makombora akasema wazi kwamba kudai ukamilifu ndiko kulikoleta hofu na mkazo usiostahili.

Lisome hilo tena polepole. Vijana wale kazi waliijua. Wengi wangepata 90 bila kuiba hata jibu moja. Waliiba kwa sababu walinyimwa nafasi ya kukosa swali moja. Na kibaya zaidi, kamanda wao hakuweza tena kujua nani hasa anaweza kazi na nani hawezi, kwa kuwa karatasi zote zilisema 100. Angeingia vitani na namba, wala si na watu.

Jeshi lao la nchi kavu nalo lilijichunguza. Mwaka 2002 walihesabu wakakuta kwamba kamanda wa kombania ana siku 256 za mazoezi kwa mwaka, lakini mambo yote aliyoamriwa kuyafanya yanahitaji siku 297. Siku hizo 41 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kalamu. Mwaka 2015 watafiti wawili wa chuo chao cha vita, Leonard Wong na Stephen Gerras, wakaandika kwamba maofisa wamezoea kusaini kuwa mambo yamefanyika, na moyo hauwasuti tena. Mwaka 2017 manowari mbili za wanamaji wao, Fitzgerald na John S. McCain, ziligongana na meli za biashara ndani ya miezi miwili na nusu, mabaharia 17 wakafa. Wakaguzi wakakuta kwamba asilimia 37 ya vyeti vya utayari vya mabaharia wa manowari zao kubwa zilizokaa Japani vilikuwa vimeisha muda, na bado ziliendelea kutumwa baharini. Wanamaji walipojichunguza walikiri kwamba mazoea ya kuitikia kila amri kwa "tunaweza" yalichangia. Kusema "hatuko tayari" kulikuwa kumegeuka kosa.

Hata hapa kwetu Kongo umeona. Machi 2024 serikali ilifungua tena mlango wa kutekeleza hukumu ya kifo, mlango uliokuwa umefungwa tangu 2003. Mei, mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo wanajeshi wanane, maofisa watano wakiwemo, kwa kumkimbia adui. Julai wakahukumiwa wengine 25 Kivu Kaskazini. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Sababu za kuanguka ni nyingi, barua hii haizitoshi, na wapo waliopigana hadi mwisho, Mungu awapumzishe. Ila kamba ya mahakama haimshikilii askari ambaye hajalipwa, hajala, na hajui kama kamanda wake atakuwepo kesho.

Usinielewe vibaya. Sikuambii uwe laini. Askari wako akimwibia mama sokoni, akimgusa msichana wa watu, akiuza risasi, huyo hakukosea, huyo ametenda jinai: mpeleke mbele ya sheria siku hiyohiyo, awe rafiki yako au asiwe. Wakubwa wengi huchanganya mambo haya mawili. Kwa betri wanakuwa simba, kwa binti wa kijijini wanakuwa vipofu. Wewe fanya kinyume chake. Na hata huko Marekani naona hatari: Septemba 2025 waziri wao wa ulinzi, Pete Hegseth, aliwaambia majenerali kwamba anataka kuondoa mazoea ya kuvunja watu kwa kosa moja, na hapo namuunga mkono, lakini papo hapo akasema malalamiko ya kuficha jina yakome. Hapo simfuati. Askari wa chini aliyeonewa na mkubwa wake, akinyimwa mlango wa kulalamika, atabaki na milango miwili tu, bunduki au kutoroka.

Rudi kwa kaporali wako. Alisahau, ndiyo, na redio iliyozimika inaweza kuua pelotoni nzima. Lakini angeweza kunyamaza, nawe ungeijua betri ile siku ya kuihitaji. Alikuja mwenyewe. Wenzake wote walikuwa wanatazama utamfanyia nini, na wamekwishaona. Kama bado yuko kasho, mtoe. Kama barua ya cheo haijafika juu, iondoe. Mwite mbele ya walewale waliomwona akidhalilishwa, mwambie kuja kusema lilikuwa jambo sahihi, kisha mpe kazi ya kuchaji na kukagua betri za pelotoni nzima kwa mwezi. Hiyo ni adhabu, na ni mafunzo, na betri zitakuwa zimejaa.

Kulikuwa na luteni usu mmoja wa wanamaji wa Marekani, Chester Nimitz, aliyekwamisha manowari kwenye tope huko Ufilipino mwaka 1908. Mahakama ya kijeshi ilimkuta na hatia ya uzembe, ikamkaripia kwa maandishi, ikamrudisha kazini. Mwisho wa 1941, meli zao zilipokuwa zimeteketezwa Pearl Harbor, yeye ndiye aliyekabidhiwa wanamaji wote wa Pasifiki, na mwaka 1945 ndiye aliyetia saini kwa niaba ya Marekani Japani iliposalimu amri. Sijui kama kaporali wako ana kitu kama hicho ndani yake. Wewe pia hujui, na ukimvunja leo hutajua kamwe.

Nataka unijibu swali moja, na ulijibu kwa kuandika, usinipigie simu: mara ya mwisho askari wako kukuletea habari mbaya kabla hujamuuliza, ukimwacha huyo kaporali, ilikuwa lini?

Soksi na dawa ya malaria ulizoomba nimempa dereva wa mjomba wako. Atazipitisha wiki ijayo. Kula vizuri.

Mama yako