Risala ya Klabu ya Uchumi kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Afya ya Watu na Ukuaji wa Uchumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha kwa heshima na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu klabu imejikita katika suala moja, nalo ni mchango wa afya ya watu katika uchumi wa nchi.

Mheshimiwa, mara nyingi fedha za afya huhesabiwa kuwa matumizi, huku barabara na mitambo vikiitwa uwekezaji. Mfereji wa Panama, njia ya meli inayounganisha bahari ya Atlantiki na Pasifiki, unaipinga hesabu hiyo. Wafaransa walianza kuuchimba mwaka 1881 wakiwa na mtaji mkubwa na wahandisi hodari, lakini homa ya manjano na malaria ziliua maelfu ya wafanyakazi, na mwaka 1889 kampuni yao ikafilisika. Maradhi hayakuwa sababu pekee, ila hakuna mtambo unaozalisha wakati mwendeshaji wake amelazwa. Wamarekani walipoichukua kazi hiyo mwaka 1904, daktari William Gorgas alisimamia ukaushaji wa madimbwi, umwagaji wa mafuta kwenye maji yaliyotuama na uwekaji wa nyavu madirishani, ili kuwadhibiti mbu wanaoeneza maradhi hayo. Kufikia mwaka 1906 homa ya manjano ilikuwa imetoweka katika eneo la mradi, na mwaka 1914 mfereji ukafunguliwa.

Ipo hasara nyingine isiyopigiwa kelele, na ndiyo inayotugusa zaidi sisi wanafunzi. Mabuu ya minyoo ya safura hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya miguu mitupu, kisha minyoo hujishikiza utumboni na kunyonya damu. Mara nyingi mtoto hafi. Hupungukiwa damu, husinzia darasani, na miaka yake ya shule hupita bila kumfaa. Kusini mwa Marekani, kampeni iliyofadhiliwa na tajiri wa Marekani John D. Rockefeller kati ya mwaka 1909 na 1914 ilikuta takriban asilimia 40 ya watoto wa shule waliopimwa wana safura. Baada ya matibabu mahudhurio yaliongezeka, na watoto wa maeneo yaliyoathirika zaidi walipokua walipata kipato kikubwa kuliko waliowatangulia.

Ni kweli kwamba utajiri nao huleta afya. Hata hivyo, udumavu unaotokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ni vigumu sana kuurekebisha baadaye, hata nchi ikitajirika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba ututetee bajeti zinapojadiliwa, ili chanjo, maji safi, lishe ya wajawazito na dawa za minyoo ziingizwe katika mafungu ya maendeleo, wala zisiwe za kwanza kukatwa mapato yanapopungua. Kwa hapa shuleni, tunaomba utusaidie kupata matundu zaidi ya vyoo na sehemu za kunawia mikono.

Tunaomba kuwasilisha.