Msomaji wangu wa gredi ya 5

Nairobi, Jumapili usiku

Sasa beshte,

Mambo ya Mombasa? Uliniuliza kama bado naenda kufundisha wale watoto Jumamosi ama niliacha vile niliacha jim, na nikakujibu tu "bado niko", lakini stori ni ndefu kuliko hiyo, ndio maana leo nakuandikia vizuri. Stima imepotea na simu iko na chaji asilimia 40, tutaona itatufikisha wapi.

Tuko palepale Makadara, kaholi kadogo nyuma ya kanisa, saa tatu mpaka saa tano, watoto kama 18 hivi. Tunaofundisha tuko wanne na hakuna hata mmoja wetu amesomea ualimu, mi mwenyewe unanijua, kazi ni kuuza makava ya simu. Chai na mandazi tunachangishana. Mtu akikwambia watoto wanakuja juu ya kusoma, mwambie akuje aone siku mandazi imechelewa.

Sasa wacha nikupee ile inaniuma. Kuna kijana mmoja wa gredi ya 5, ako na miaka 11, mrefu kuliko wote, mpole. Siku ya kwanza nilimpea kitabu cha hadithi akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na sauti imetoka, hata kwa koma anapumzika. Nikafurahi nikamweka na wale wakali. Wiki kama ya nne kitabu kikamponyoka kikaanguka, akaokota, akaendelea kusoma. Kumbe amefungua ukurasa mwingine kabisa, picha ni ya sungura kando ya mto na yeye mdomo unaniambia vile mama alienda sokoni kununua nyanya! Alikuwa amekariri kitabu chote kwa kusikiza wenzake. Neno kwa neno. Hiyo akili hata mi sina.

Na unajua mdomo wangu. Nikauliza kwa nguvu, "Kwani wewe hujui kusoma?" Holi lote likacheka. Jumamosi iliyofuata hakukuja, na ile ingine pia hakukuja.

Ikabidi niende nimtafute mamake, ako na kibanda cha mboga huko ndani ndani mtaani. Alikuwa anakata sukuma, hakusimamisha kisu, akanisikiza mpaka mwisho alafu akasema tu, "Ticha, huyu ameenda darasa moja mpaka lingine na hakuna mtu amewahi kuniita kuniambia kitu." Sikujua niangalie wapi. Kijana alikuwa nyuma hapo anaosha masufuria, nikamwambia pole mbele ya mamake, nikamwambia mi ndio nilikosea. Hakusema kitu. Lakini Jumamosi akakuja.

Hapo ndio tulibomoa kila kitu tukaanza upya. Tukapima kila mtoto peke yake, nje kwa ngazi, mahali wenzake hawaskii: kwanza silabi, alafu maneno, alafu aya, alafu hadithi, vile tu watu wa Uwezo, ule mpango wa kuangalia kama watoto wanajua kusoma, walikuwa wanapima. Ukikwama kwa silabi unakaa kikundi cha silabi hata kama uko gredi ya 5. Hii si akili yetu, ni watu wa Pratham, shirika la elimu huko India, ndio walianza kupanga watoto hivyo, kulingana na kile anajua, si darasa yake. Shida sasa ni aibu. Utamwekaje kijana mrefu hivyo na vitoto vya gredi ya 2? Tukampea kazi, yeye ndio anashika kadi (tunakata maboksi ya viatu), anazichanganya, anainua moja moja, watoto wanasoma kwa sauti na yeye anasoma nao. Huko nje anajulikana kama msaidizi wa ticha.

Kizungu tuliweka kando kwanza, na kuna wazazi walikasirika, ati mtihani si karibu yote ni ya Kizungu? Ni kweli, lakini Kiswahili hakikudanganyi, ukijua ba be bi bo bu unaweza soma kitu leo leo. Ile iliwasumbua ni "mtu", hawaelewi vile hiyo m inasimama peke yake ikiwa silabi. Na ng'ombe na ngoma, woi! Tulipoteza Jumamosi mzima hapo, holi lote linalia kama zizi. (Najua unacheka, ati mtu wa Nairobi ndio anafundisha watu Kiswahili.)

Siku moja tukawapeleka katikati ya jiji kuona wale simba wa mawe wa laiburi ya McMillan. Nikawaambia hiyo laiburi ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma hapo mpaka 1958, kamoja kakauliza, "Sasa nani alikuwa anafagia?" Tukirudi, stejini, kijana wangu akasimama mbele ya matatu ya 58, akaangalia ile bao, mdomo ukaanza kusonga polepole. Bu. Ru. Bu. Ru. Akanigeukia, "Ticha, hii ni mbili tu, zimerudiwa."

Alafu juzi Alhamisi nimepitia kwa mamake kununua sukuma ya ishirini, simu yake ikalia, kabambe ya vibonyezo, meseji ya M-Pesa, ameiweka ya Kiswahili. Kawaida anapelekea jirani wa kuuza mayai amsomee. Kijana akaichukua. Namba anazijua kitambo, shida ilikuwa lile neno la mbele. "I-me-thi-bi-ti..." akakwama. Mi nimeshika mdomo, nimekatazwa na nafsi yangu kusaidia. Akarudi nyuma akaanza tena. "...shwa. Imethibitishwa. Umepokea." Mamake akaweka kisu chini, akauliza, "Nimepokea ngapi?"

"Mia tatu."

"Angalia tena."

Akaisoma tena yote, kutoka mwanzo.

Chaji imebaki 9. Ukikuja Disemba beba zile hadithi fupi za Kiswahili uliniambia ziko kwenu zimejaa vumbi, za herufi kubwa kubwa na picha chache, picha zikiwa nyingi siwaamini tena hawa watu.

Wako,
Ticha wa makava