Trebo inayochoma isiuzwe kama usafi wa sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kero inayowasumbua wasikilizaji wengi ambao hawajui waipeleke wapi, nayo ni ya vipokea sauti vya masikioni, yaani hedifoni, ambazo trebo yake, yaani sauti zake nyembamba za juu, imepanda kupita kiasi. Simzungumzii mtu aliyenunua kifaa kibovu. Kifaa chake ni kizima, besi ipo, sauti ya kushoto inalingana na ya kulia, wala waya haukwaruzi. Lakini kila mwimbaji anapotamka s, sh au ch, neno linatoka na mluzi unaochoma, matoazi yanazifunika ala nyingine zote, na haupiti muda mrefu kabla msikilizaji hajazivua hedifoni na kujiuliza kwa nini wimbo anaoupenda umemchosha.

Akilalamika, hupewa jibu moja kati ya mawili. Huambiwa kwamba hiyo ndiyo sauti safi, inayofichua kila kitu kilichomo katika rekodi, na kwamba sikio lake bado halijauzoea ubora. Au huambiwa avute subira, kwa sababu hedifoni mpya hulainika zikitumika. Majibu yote mawili nayapinga, na nitaeleza kwa nini.

Sikio zima la kijana husikia sauti za masafa (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi; kadiri ilivyo kubwa ndivyo sauti inavyokuwa ya juu) kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, lakini halizipokei zote kwa usawa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti mbili zenye nguvu ileile huweza kusikika moja kubwa na nyingine ndogo kutegemea masafa yake. Eneo ambalo sikio ni jepesi zaidi liko kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na sababu mojawapo ni umbile lenyewe: mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, upande wa ndani umezibwa na kiwambo, na hewa iliyomo huitikia kwa nguvu sauti zilizo karibu na hezi 3,000. Ubongo umeuzoea mwitikio huo tangu utotoni na hauuhesabu kuwa kasoro.

Hedifoni huivuruga hali hiyo. Zikikaa juu ya sikio huufunika ukingo wa sikio ambao kwa kawaida huzipinda na kuzikusanya sauti zitokazo mbali; zikiingizwa ndani huuziba mfereji, na mwitikio wa mfereji uliozibwa huhamia juu, mara nyingi kati ya hezi 7,000 na 9,000. Ni juu ya mtengenezaji kukirudisha kwa hesabu kile ambacho kifaa chake kimekiondoa, na kukipunguza kile ambacho kimekiongeza. Akifanya kazi hiyo nusunusu, mlima mrefu na mwembamba, yaani masafa machache yanayotoka kwa nguvu kupita mengine, hubaki katika sauti za juu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya s iko katika eneo hilohilo, herufi hiyo huwa ya kwanza kuumiza. Kwa hiyo anayesema kwamba s zinamchoma anaeleza jambo linalopimika kwa mashine. Hadeki.

Ni kweli kwamba masikio hayafanani. Kuanzia hezi 8,000 kwenda juu, tofauti za umbo la sikio na za kina ambacho kifaa kinaingia hubadilisha sana kinachokifikia kiwambo, kiasi kwamba ndugu wawili wanaweza kuvaa hedifoni zilezile, mmoja akaumia na mwingine asione shida yoyote. Umri nao unahusika, kwa kuwa uwezo wa kusikia sauti za juu ndio unaotangulia kupungua, na mtu mzima ambaye kwake sauti hizo zimefifia anaweza kuifurahia trebo ambayo mwanawe haivumilii. Hilo si hoja ya kumnyamazisha anayeumia. Ni hoja ya kutaka kila kifaa kiwe na njia ya kurekebishwa.

Kwa nini basi hedifoni nyingi hutengenezwa hivi? Nadhani sehemu kubwa ya jibu iko katika namna tunavyozijaribu. Mnunuzi huzivaa kwa muda mfupi, mahali penye kelele, akitaka kusikia tofauti na zile alizonazo. Trebo iliyopandishwa hujitangaza mara moja: vidole vinasikika vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa, pumzi ya mwimbaji inasikika, na mnunuzi hushawishika kwamba amegundua siri iliyokuwa imefichwa katika rekodi. Uchovu haujitokezi katika muda huo mfupi. Hujitokeza nyumbani, wakati malipo yameshafanyika na sanduku limeshatupwa.

Wala mtu asijipe moyo kwamba akilipa zaidi atakuwa salama. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, akaonyesha kwamba bei haikuwa na uhusiano na jinsi zinavyogawa nguvu kati ya sauti za chini, za kati na za juu. Kwa upande mwingine, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, katika majaribio waliyoanza kuyachapisha miaka michache kabla ya hapo, waliwasikilizisha watu mizani tofauti za sauti na kukuta kwamba wengi wao walielekea kuipendelea mizani yenye besi iliyojaa kiasi na trebo iliyotulia. Elimu ya kutengeneza hedifoni zisizochoma ipo na imechapishwa. Kinachokosekana ni watengenezaji wote kuitumia.

Kuhusu lile jibu la subira, naligawa mara mbili. Ubongo kweli huzoea, na sauti ambayo siku ya kwanza ilionekana ngeni huweza baadaye kuonekana ya kawaida. Lakini mlima wa sauti hauporomoki kwa sababu mtu ameuzoea. Nguvu ileile inaendelea kufika ndani ya sikio. Na hapa ndipo ninapoomba tuwe makini, kwa sababu trebo kali humwingiza msikilizaji katika mtego. Sauti za juu zikimuumiza, anapunguza sauti yote. Akipunguza, besi hupotea, kwa kuwa sikio hupoteza zaidi sauti za chini pale muziki unapokuwa mdogo, jambo ambalo vipimo vya mwaka 1933 vilikwisha kulionyesha. Akitaka kuzirudisha anapandisha sauti tena, na trebo inapanda nazo. Mwisho wake anasikiliza kwa nguvu kubwa kuliko anavyohitaji, na hata hivyo haridhiki.

Shirika la Afya Duniani, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, walitangaza mwaka 2019 viwango vya usikilizaji salama kwa vifaa vya aina hii. Kwa mtu mzima, desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Seli zenye vinyweleo zilizo mwanzoni mwa koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio chenye umbo la konokono, ndizo zinazopokea sauti za juu, na kwa kawaida ndizo zinazotangulia kuharibika. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena.

Sasa niseme kinachoweza kufanyika, kwa sababu sitaki barua hii iwe ya malalamiko matupu.

Jambo la kwanza kukaguliwa ni mbano wa kifaa kwenye sikio. Penye mwanya, sauti za chini ndizo zinazovuja, na besi ikivuja trebo husikika kali hata kama haijaongezeka. Sponji za hedifoni zilizochakaa na kusinyaa huacha mwanya, na pia huisogeza spika karibu zaidi na sikio. Mikono ya miwani na nywele nene huacha mwanya vilevile. Kwa zile zinazoingia ndani ya sikio, vipira vyembamba visivyolijaza sikio ndio mzizi wa matatizo mengi, na vile vya sponji laini, ukilinganisha na vya silikoni, mara nyingi hupunguza ukali wa sauti za juu. Kuziingiza kwa kina tofauti kidogo pia huuhamisha ule mlima, wakati mwingine hadi mahali pasipoumiza.

Dawa ya uhakika zaidi, kwa maoni yangu, ni ikwalaiza, yaani kidhibiti cha kupandisha au kushusha kila kundi la masafa peke yake. Simu na kompyuta nyingi zinayo, na ambazo hazina zinaweza kuwekewa programu ya bure. Wengi huifungua, wakakutana na majina kama vile roki, jazi na klabu, wakachagua moja kwa kubahatisha, kisha wakakata tamaa. Majina hayo yaachwe. Penye vitelezi kumi, vile vya kulia kabisa huandikwa 4,000, 8,000 na 16,000. Kishushwe kwanza cha 8,000 kwa desibeli 3, usikilizwe wimbo wenye maneno mengi ya s, kisha kishushwe tena kidogo kidogo hadi mluzi utulie. Desibeli 3 ni kupunguza nguvu ya sauti kwa nusu, ingawa sikio litaona ni badiliko la wastani tu, na ni nadra mtu kuhitaji kushusha zaidi ya desibeli 6 au 8. Ikiwa kinachoumiza ni tarumbeta, fidla au sauti za waimbaji wanawake zinapopanda, na s ziko sawa, basi shida iko chini zaidi, na kitelezi cha kushughulikiwa ni cha 4,000.

Mwenye programu inayomruhusu kuchagua masafa yoyote anaweza kufanya kazi safi zaidi. Apige mlio mmoja unaopanda polepole kutoka hezi 4,000 hadi 10,000, kwa sauti ndogo sana, na asikilize ni wapi unaruka ghafla na kuwa mkubwa. Hapo ndipo penye mlima katika hedifoni zake, kwa masikio yake, na akikata hapo kwa mkato mwembamba ataacha sehemu nyingine zikiwa na uhai wake. Nasisitiza kushusha, na si kupandisha besi ili ifunike trebo. Kupandisha huweza kuilazimisha sauti ya kidijitali kufika kikomo na kukatika, na muziki ukapata mkwaruzo mpya ambao haukuwepo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mara tu baada ya kushusha, muziki utaonekana umepoa na wengi watashawishika kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Wavumilie kwa muda. Sikio lililozoea ukali huuona ukawaida kuwa upungufu, kisha hurejea katika hali yake, na hapo ndipo mtu anapogundua kwamba anaweza kusikiliza kwa utulivu na kwa sauti ndogo zaidi.

Wapo wanaoweka kipande chembamba cha sponji au karatasi laini mbele ya spika ndani ya hedifoni. Njia hii inafaa, mradi vitundu vya hewa visizibwe, kwa kuwa vikizibwa besi nayo hubadilika.

Lakini mtu akiona masikio yanalia baada ya kusikiliza, au sauti za kawaida za nyumbani kama vyombo vinavyogongana zinamuumiza hata akiwa hajavaa chochote, asihangaike na ikwalaiza. Huyo anastahili kumwona daktari wa masikio.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza nalielekeza kwa watengenezaji na wauzaji: sanduku la hedifoni hutuambia kwamba kifaa kinafika hezi 20 hadi 20,000, maelezo yasiyomsaidia mnunuzi hata kidogo, kwa sababu hayasemi kinafika vipi. Ichapwe grafu ya mwitikio wa masafa, yaani mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti katika kila masafa, pamoja na maelezo ya mashine iliyotumika kupima, ili mnunuzi auone mlima kabla ya kulipa. Na programu inayoambatana na kifaa iwe na ikwalaiza kamili inayofungua masafa yote, kwa kuwa vitufe viwili vya besi na trebo havitoshi. La pili nalielekeza kwa waandishi wa kurasa za teknolojia, likiwemo gazeti lako. Wanapozifanyia tathmini hedifoni mpya, huandika saa ambazo betri inadumu, rangi zinazopatikana na jinsi zinavyokunjwa, kisha sauti yenyewe wanaipa sentensi moja yenye neno safi au neno kali. Wazivae kwa saa kadhaa mfululizo kabla ya kuandika, wamsikilize mtu anayesoma habari pamoja na mwimbaji mwenye sauti ya juu, kisha watuambie kama mwishoni walitamani kuendelea au walitamani kuzivua.

Wako mwaminifu,
Msikilizaji na msomaji wa gazeti hili