Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Wazee Darasani, Mahudhurio na Ada

Ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Awali ya yote nimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama mwisho wa mwaka. Nawashukuru pia ninyi mliofika, maana mmeacha shughuli zenu na wengine mmetoka mbali, Mpwapwa, Bahi na Chamwino, kwa nauli yenu wenyewe.

Kuhusu shughuli za kawaida sitawachosha, kwa kuwa mnazifahamu. Vikao vya kamati tendaji vilifanyika kila robo mwaka. Tulishiriki Siku ya Walimu Oktoba, tuliwazika wenzetu wawili, tuliwatembelea wagonjwa, na tuliwaaga wastaafu watatu kwa heshima waliyostahili. Kitini cha michezo ya hisabati kwa darasa la kwanza na la pili kilichapwa na kusambazwa. Muhtasari wa kila kikao uko kwa katibu na anayetaka kuusoma aende akausome.

Sasa niende kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, yaani uamuzi wa kamati wa kutumia fedha za chama kuwaleta wazee darasani. Limesemwa sana kwenye kundi sogozi na kwenye vijiwe vya chai, na mengine yamesemwa bila mhusika kuwepo. Leo nalisema hapa, mbele ya wote.

Chimbuko lake ni hili. Kwa miaka mingi, tukiambiwa tuingize elimu ya asili shuleni, sisi walimu tumeelewa ngoma. Mgeni akija, watoto wanafungwa vitambaa kiunoni, muheme, ngoma yetu ya Kigogo, unapigwa, mgeni anapiga makofi, anaondoka. Kesho yake tunarudi ubaoni, watoto wananakili, na hakuna kilichobadilika katika namna tunavyofundisha. Nilisema mwaka juzi, na nikasema tena Februari mwaka huu, kwamba ngoma ni nzuri na tusiiache, lakini jambo la kurithi kwa wazee wetu ni jinsi walivyomfundisha mtoto. Mtoto wa Kigogo, kabila la wenyeji wa hapa Dodoma, hakukalishwa akaelezwa ufugaji. Alianza na ndama, akapewa mbuzi, akaja kukabidhiwa ng'ombe, na kila hatua palikuwa na mkubwa kidogo kumzidi aliyekuwa akimtazama. Akikosea, alisahihishwa palepale, kosa likiwa mbele ya macho yake. Mtihani wake ulikuwa mifugo kurudi jioni ikiwa kamili.

Hoja hii sikuibuni mimi. Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba kabla ya mkoloni Waafrika hawakuwa na shule lakini watoto walielimishwa, kwa kuishi na kutenda. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, nao unataka umahiri, mtoto aonyeshe anachoweza kufanya. Nilichofanya mimi, na nadhani haki hiyo mnipe, ni kukataa jambo hili liishie kwenye hotuba.

Kamati ikakaa ikaamua: fedha ambazo mwaka jana ziligharamia semina ya siku moja mjini, pamoja na chakula na fulana, mwaka huu ziwe posho na nauli ya wazee wenye ujuzi, waje washirikiane na mwalimu ndani ya kipindi. Shilingi 20,000 kwa kila kipindi. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

La kwanza lililosemwa ni kwamba fedha za walimu zinaliwa na watu wasio wanachama. Naomba niulize. Semina ya mwaka jana mtoa mada alikuwa mwanachama? Alilipwa mara kadhaa ya alicholipwa bibi wa Mvumi, mmoja wa wazee waliokuja darasani, akasoma alichokiandika, akaondoka kabla ya maswali, na hakuna aliyenung'unika. Kama mwenye cheti analipwa kwa ujuzi wake bila mjadala, kwa nini asiye na cheti afanye kazi ya kujitolea? Ibara ya 14 ya katiba yetu inairuhusu kamati tendaji kupanga matumizi ya mafunzo kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine. Hatukuvunja chochote.

La pili ni kwamba wazee wanachelewesha mada, na mtihani wa darasa la saba hausubiri. Hili ni la kweli pale mwalimu anapomwita mzee bila maandalizi. Ndiyo maana utaratibu ulitaka mwalimu aanze na azimio lake la kazi, achague mada, aende nyumbani kwa mzee wazungumze, kisha aandike andalio la somo. Waliofuata utaratibu walimaliza mada kwa wakati. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilimkalisha mzee wa watu ofisini kutwa nzima ikakosa kipindi cha kumpa, halafu lawama zikaletwa kwangu.

Niwaeleze waliokosa somo la mbegu, darasa la tano, ili tujue tunabishania nini. Bibi aliingia na fungu la masuke ya uwele yaliyokuwa yametundikwa juu ya meko tangu mavuno, meusi kwa moshi, na fungu jingine lililotoka kwenye kihenge. Hakutoa hotuba. Aliyamwaga yote mkekani akawaambia kila mtoto achukue suke ambalo angelipanda mvua ikinyesha. Wengi walikimbilia yale masafi. Bibi akanyamaza. Kisha akawaambia wapukuchue kiganjani, wapulize makapi, watazame punje moja moja kama ina tundu. Kelele zikaanza zenyewe: "Langu limetobolewa! Na langu!" Mtoto mmoja, ambaye kwenye taarifa yake ya maendeleo huandikwa kwamba hajitumi, alikuwa ameshika suke jeusi. Alipoulizwa sababu akasema nyumbani kwao yale ya juu ya moto hayaguswi hata njaa ikiingia. Bibi akamwambia asimame awaeleze wenzake. Mwalimu akaendelea kutoka hapo: kwa nini mdudu anaukimbia moshi, unyevu unafanya nini kwenye punje. Punje kumi za moshi na kumi za kihenge zikalazwa kwenye vitambaa vyenye maji, na wiki iliyofuata watoto wenyewe wakachora jedwali na kutafuta asilimia ya zilizoota. Sayansi na hisabati kwa pamoja, kwa shilingi 20,000.

Mzee wa ilimba, ala ya muziki ya Kigogo yenye vijiti vya chuma, naye aliletwa kwa mada ya sauti. Watoto walipiga vijiti vya chuma wakagundua wenyewe kwamba kirefu kinatoa sauti nzito na kifupi nyembamba. Wakaonyeshwa tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, linaloipa ilimba ule mvumo wake. Utando ulipobanduliwa, mvumo ukapotea. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliupeleka mvumo huo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na huku nyumbani mtoto wa Kigogo anamaliza darasa la saba hajawahi kuulizwa unatoka wapi. Mwalimu wa darasa hilo aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, watoto ndio walioomba kipindi kiongezwe.

La tatu lilikuwa lugha. Yalisemwa maneno mazito, kwamba tunarudisha ukabila. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali, na kamati haijawahi kusema vinginevyo. Mzee akikwama akatumia neno la Kigogo, au kule Kondoa la Kirangi, mwalimu analieleza kwa Kiswahili na somo linaendelea. Mtoto akisikia jina la mti kwa lugha ya nyanya yake, taifa halijavunjika.

La nne linatoka kwa wenzetu wa mjini, na nalichukulia kwa uzito kwa kuwa lina hoja. Wanasema tangu serikali ihamie Dodoma, darasa la Ihumwa au Nzuguni lina watoto wa kila kabila, sasa mzee wa Kigogo awafundishe nini? Jibu langu ni kwamba tunachochukua ni njia: kutazama, kujaribu, kupewa kazi ya kweli, kusahihishwa kazini. Njia hiyo iko kwa Wasukuma, kwa Wachaga, kwa Wasandawe wa Chemba, kwa kila jamii iliyolea watoto. Mjini kuna mafundi wa ujenzi, kuna mama anayepima ubuyu na karanga sokoni kwa sado na debe, ambaye hesabu za sehemu, nusu na robo, anazifahamu kuliko kitabu. Huyo naye aje. Na bado hawa watoto wanaishi kwenye ardhi ya Ugogo, wanakunywa maji yake, na ni haki yao kujua nyumba ya tembe, ile ya udongo hadi paa, ilijengwaje ikakaa na ubaridi saa nane mchana wakati darasa la bati halikaliki.

La tano, ushirikina. Wapo waliosema tunawafungulia waganga mlango. Walimu, tuwaheshimu wazee. Mambo ya jandoni na ya matambiko hatukuyagusa, na waliotutangulia kukataa ni wazee wenyewe. Mmoja alituambia wazi kwamba yapo mafundisho yenye mahali pake na wakati wake, na darasani si mahali pake. Tumeliandika hilo kwenye mwongozo wetu: mzee ndiye anayeamua kipi kitoke na kipi kibaki.

Kwa wanaodhani ujuzi wa wenyeji ni wa kupuuzwa, naomba tuitazame Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mradi wa karanga kwa matrekta na wataalamu wengi. Mibuyu iliwashinda, udongo wakati wa kiangazi ulikauka hadi karanga hazikuchimbika, na mvua haikuja kwa ratiba ya London. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Watu waliokuwa wakilima uwele na mtama na kufuga kwenye ardhi hiyo hiyo walikuwepo siku zote. Hawakuulizwa. Ninapoambiwa mzee hana cha kumwambia mwalimu mwenye shahada, nakumbuka Kongwa.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu nimelibeba kwa gharama yangu. Nauli za kuwatafuta wazee Mvumi, Hombolo na Chamwino sikuzidai, na mtunza hazina ni shahidi. Barua za kuomba ridhaa ya walimu wakuu na maafisa elimu kata niliziandika mwenyewe usiku.

Sasa mahudhurio. Mkutano wa Julai, ambao ndio uliopaswa kujadili jambo hili kwa kina, ulihitaji wanachama 48 ili akidi itimie. Walikuja 29. Tulisubiri hadi saa saba mchana, turubai limekodiwa, chai imepoa. Baadhi ya waliokosekana ndio waliokuwa wa kwanza kuandika jioni ile kwamba kamati inaamua peke yake. Mwanachama, kamati ifanye nini? Nilitoa taarifa wiki tatu kabla na nikapiga simu. Wazee wawili, ambao si wanachama, walifika saa mbili asubuhi kwa baiskeli. Nilipata uchungu siku hiyo, na sioni sababu ya kuficha.

Fedha. Wanachama ni 94 na ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, kwa hiyo tulitarajia 2,256,000. Waliolipa yote ni 37, waliolipa nusu ni 21, na 36 hawajalipa hata senti. Ada iliyoingia ni 1,140,000. Salio la mwaka jana 312,000, michango ya wazazi 150,000, jumla 1,602,000. Matumizi: wazee, vipindi 26, 520,000, rambirambi na pole 350,000, uchapaji na shajala 118,000, turubai na viti 90,000, chai za mikutano 164,000. Jumla 1,242,000. Salio ni 360,000. Stakabadhi zote zipo kwenye faili lile la bluu mezani.

Mzitazame hizo namba vizuri. Deni la ada ni shilingi 1,116,000, zaidi ya mara mbili ya walicholipwa wazee. Kama wote tungelipa, semina ingefanyika, fulana zingepatikana, na wazee wangelipwa bila mtu kumnyooshea mwenzake kidole. Na niseme, rambirambi hazijamruka mtu. Aliyefiwa alipewa, awe amelipa au hajalipa, kwa sababu msiba hauna stakabadhi. Lakini mfuko una mwisho.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuendelea na wazee katika shule nyingi zaidi na kuandaa kijitabu cha masomo yaliyofanikiwa. Tunafikiria pia ziara ya michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 na ambayo walimu wengi wa mkoa huu hatujaiona. Tutaangalia uwezekano wa kupata mfadhili. Semina inaweza kurudi pia, hali ikiruhusu.

Kamati inaleta kwenu pendekezo moja la kupigiwa kura leo: fungu la wazee liendelee, lisipungue shilingi 500,000. Katiba inasema mwenye deni la zaidi ya mwaka mmoja hapigi kura. Mtunza hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na atapokea ada hadi kura itakapoanza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dodoma