Matrekta ya Kongwa yalishushwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu mradi wa karanga, nikaisoma mara mbili kwa sababu mimi ni mtu wa huku. Imeandikwa vizuri. Pale mibuyu inapoyashinda matrekta nilicheka peke yangu barazani hadi mjukuu akatoka kuniangalia. Lakini mwandishi wenu kauita 1947 "mwaka wa karanga", akaitia almasi ya Mwadui iwe kitoweo, akafunga mjadala. Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Kwa aliyekosa makala hiyo: Uingereza ilitoka vitani na ushindi, ila chunguni hamkuwa na mafuta, na siagi ilitolewa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company akatoa wazo la kulima karanga Afrika kwa mashine. Akatumwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa hapa Tanganyika, azunguke na wenzake, na sehemu kubwa ya nchi wakaitazama kutoka kwenye ndege. Februari 1947 serikali ya Uingereza chini ya Waziri Mkuu Attlee ikatangaza mpango wa pauni milioni 25 na ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa kwetu. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha zilikuwa 7,500 hivi. Mgogo yeyote angewaambia bure kwamba mvua ya Kongwa, mradi ulikoanzia, haina ahadi na mtu, na kwamba udongo ule ukikauka jembe linalia. Mradi ulifungwa Januari 1951 na pauni milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Yote hayo mwandishi kayasema, na mimi simpingi.

Swali ambalo hakuuliza ni jepesi tu: matrekta yale yalifikaje Kongwa?

Hayakuota. Mengi yalikuwa mitumba ya vita, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino, ambako jeshi la Marekani liliyaacha. Bandari ya Mtwara, ambayo baadaye ilijengwa kwa ajili ya mradi huo huo, ilikuwa haijakuwapo. Kwa hiyo mzigo ulipita Dar es Salaam, na Dar es Salaam ya siku zile haikuwa na gati ambalo meli kubwa ingeliegemea. Magati ya kina kirefu yamekuja 1956. Meli ilitia nanga katikati ya bandari, vitu vikashushwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, matishari yakavutwa hadi ufukweni, kisha yakaja mabega ya watu. Makuli. Kila spana iliyofunguliwa Kongwa ilikuwa imekwisha kuguswa na kuli wa Dar es Salaam.

Na kuli huyo alikuwa kibarua wa kutwa. Meli ikiwapo analipwa, isipokuwapo anarudi Kariakoo na njaa yake. Vita vilikuwa vimeadimisha nguo na kupandisha bei ya kila kitu sokoni, ujira ukaachwa nyuma. Januari ya mwaka ule ule wenzao wa Mombasa walikuwa wamegoma, bandari, reli, hata wapishi wa majumbani, mji ukasimama karibu wiki mbili. Habari kama hiyo haisubiri gazeti. Inakuja na mabaharia.

Jumamosi tarehe 6 Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waliacha kazi. Ungetegemea mambo yaishie hapo bandarini, watu wachache watiwe ndani na wengine waandikwe kesho yake. Haikuwa hivyo. Wa reli wakaingia, na reli ilipoingia mgomo ukawa umepata miguu: Morogoro, Dodoma, Tabora, hadi Kigoma na Mwanza. Simu ya upepo haikuhitajika, kila stesheni ilikuwa na mtu wa kuuliza kulikoni. Mgomo ukafika na Kongwa, kwa wale wale waliokuwa wakisubiri vipuri kutoka kwa makuli.

Marehemu baba alikuwa utingo wa trekta huko. Juu ya karanga hakuwa na mengi ya kusema. Aliona ni ujinga wa mwenye pesa, na ujinga wa mwenye pesa haukumshangaza. Ila siku zile za Septemba alikuwa akizirudia kila alipopata msikilizaji. Kilichomkaa moyoni ni kwamba waliweka zana chini pamoja na watu wa pwani ambao hawakuwajua kwa sura wala kwa lugha ya nyumbani. Yeye bahari alikuja kuiona miaka mingi baadaye, na siku hiyo alichouliza kwanza ni upande gani makuli walikuwa wakifanya kazi. Sisi watoto tulitaka kwenda kuogelea.

Serikali ililazimika kukaa kusikiliza, na ujira ukapanda. Nafikiri karanga zenyewe zilisaidia. Ukiwa umeahidi Bunge lako mafuta ya kupikia, na mashine zako zimekwama kwenye tishari, huna muda mrefu wa kumnyamazia kuli. Ndiyo maana nasema mwandishi wenu kaandika nusu ya kisa akaacha nusu. Kaeleza jinsi Waingereza walivyojikwaa, wala hakuwaona Watanganyika waliogundua mwaka ule kwamba mzigo wa Mwingereza uko mkononi mwao.

Makuli wakaunda chama chao, na mwaka 1948 katibu wake akawa Abdulwahid Sykes, kijana aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Chama hicho hakikudumu; mwaka 1950 palitokea vurugu bandarini, serikali ikakifuta. Abdulwahid alikwenda kwenye uongozi wa TAA, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, na 7 Julai 1954 alikuwa miongoni mwa walioiasisi TANU. Sisemi TANU ilizaliwa bandarini, wako wazee watakaonijia juu, na wana haki. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1947 alikuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, na reli iliyogoma ilipita mji huo huo. Kama jambo hilo lilimgusa, sijui alilisema wapi. Nataka tu yule atakayeandika tena juu ya mwaka ule asiwaruke watu hawa kana kwamba kati ya Maji Maji na 1954 nchi ilikuwa imelala.

Kuhusu almasi sina ugomvi. Ni kweli ilipatikana Mwadui Oktoba 1947, ya waridi, karati 54.5, na John Williamson, mwenye mgodi, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa akiolewa Novemba. Ilipochongwa London ilibaki karati 23.6, ikaja kuwekwa kwenye pambo la kifuani. Jiwe zuri. Nimeona mmelipatia robo ukurasa na picha ya rangi, mgomo haukupata hata mstari.

Picha zenu zilikuwa tatu: trekta, Mzungu mwenye kaptura, na jiwe. Kama mnakusudia kuirudia makala hiyo, nawaomba mtafute ya nne. Watoto na wajukuu wa makuli wapo Dar es Salaam, hawahitaji kuchimbwa. Wa reli wapo Tabora na Morogoro. Hapa kwetu waliobaki na kumbukumbu ya Kongwa wanazidi kupungua, mwaka jana tumezika wawili, lakini nyumba zao nazijua.

Mimi ninacho kipande cha baba, kile cha kuhesabia siku za kazi. Kimechanika kona moja na wino umefifia. Siku zimetiwa alama moja moja mpaka mwanzoni mwa Septemba, kisha pana nafasi tupu, halafu alama zinaendelea. Hatukuwahi kumsikia akizilalamikia siku zile ambazo hazikuhesabiwa. Mwandishi wenu akipita njia hii aje akione, kipo kabatini.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa